Blanketi Lililokuwa Chini ya Kitanda

Mke wangu Mektilda alikuwa hamalizi kitu. Nimelisema hilo mbele za watu kwa miaka mingi, tena yeye mwenyewe akiwepo, na watu walicheka nami nikacheka nao. Chini ya kitanda chetu hapa Ushirombo kulikuwa na begi kubwa la mistari, yale ya kubebea mitumba, na humo ndani zilijaa kazi zilizoanzwa zikaachwa njiani. Kulikuwa na kitambaa kimoja cha kochi kilichokuwa kinasubiri wenzake watano. Kulikuwa na soksi ya mguu wa kushoto. Kofia ya mtoto ambaye sasa yuko darasa la sita. Shali ya paroko, ambaye alihamishwa kabla haijafika nusu. Na chini kabisa kulikuwa na blanketi.

Mimi naitwa Agapiti, mchimbaji wa siku nyingi, na sina sababu ya kujipamba. Blanketi lile nililichukua mimi bila kuuliza. Msimtafute mtu mwingine wa kumlaumu.

Kufuma alifundishwa na masista wa misheni akiwa binti wa miaka kumi na mitatu. Nilipokuwa namchumbia nikasikia sindano yake moja imepotea na kazi imesimama. Nikang'oa spoki mbili kwenye baiskeli ya baba, nikazinoa kwenye jiwe mpaka ncha zikawa laini, nikampelekea zimefungwa kwenye gazeti. Mzee alinisema wiki nzima kwa sababu gurudumu lilianza kuyumba. Mektilda akazitumia spoki zile kuliko sindano zote alizonunua baadaye. Kwa hiyo sikuanza kwa kudharau kazi yake. Hayo nilijifunza mbele ya safari.

Uzi mpya wa dukani hakuununua mara nyingi. Siku ya mnada alikuwa anainama kwenye mafungu ya mitumba, anachagua sweta nzito nzito, anazileta nyumbani anazifumua. Uzi wa sweta la zamani unatoka umejikunja, basi anauloweka, anaukausha ukiwa umening'inizwa na kajiwe ili unyooke. Halafu mtu mmoja anaushika kwa mikono miwili, mwingine anaviringisha madonge. Miaka ya mwanzo mtu wa kushika nilikuwa mimi. Tulikaa uani tunapiga stori, mikono yangu mbele kama naomba, naye anaviringisha. Baadaye nikaanza kusema nimechoka, nimetoka shimoni, nataka kunyoosha mgongo. Akageuza kiti juu chini, akawa anauvisha uzi kwenye miguu ya kiti.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa Noela. Alifariki akiwa darasa la nne, mvua za miaka kumi na mmoja iliyopita, malaria ilimpanda kichwani na siku tatu hazikufika. Matanga yalipoanuliwa, dada yangu Serafina ndiye aliyekaa chini kugawa nguo za marehemu kwa binamu zake, gauni kwa huyu, viatu kwa yule. Mektilda alikaa kwenye mkeka, hakuinuka. Sweta la shule sikuliona likigawiwa, lile la kijani, nikadhani limekwenda na mmoja wa watoto. Kuuliza habari za sweta siku kama ile kungekuwa aibu. Majirani waliendelea kumwita Mama Noela na kuniita mimi Baba Noela, na mpaka leo ndivyo wanavyotuita.

Mwaka huohuo akaanza blanketi. Lilikuwa na mistari ya kahawia, bluu na kijani. Alilitoa Jumapili baada ya misa, akafuma kidogo, akalirudisha kwenye begi. Mwaka ukapita, wa pili, wa tano, na blanketi halikuvuka magoti ya mtu aliyelala. Nikawa namtania. "Mama Noela, hilo blanketi linakua au linarudi utotoni?" Naye anajibu tu, "Litaisha, Baba Noela." Siku moja nikamkuta anafumua, amefumua kipande kizima cha kijani, uzi umemjaa mapajani. Nikamwambia, "Umekosea tena?" Akasema, "Nimekosea." Nikapita zangu kwenda kuoga.

Hapo ndipo pangenitosha kuuliza swali moja. Sikuuliza.

Mwaka jana, mwezi wa saba, mimi na mwenzangu Maduhu tulipata mawe mazuri baada ya miezi minne ya kula vumbi. Tukayasaga, tukapeleka unga mwaloni. Kwa asiyejua, mwalo ni ubao ulioinamishwa, umetandikwa kitambaa kizito. Unamwaga maji yenye unga wa mawe, udongo unateremka na dhahabu inanasa kwenye nyuzi. Sasa vitambaa vyetu vilikuwa vimechakaa, vimebaki vipara. Maduhu alikuwa anaangalia maji yanavyoteremka na uso umemkunjamana.

"Mali inaondoka hii," alisema. "Tungepata blanketi nzito, yenye manyoya, tungeokoa kitu."

Nikasema ninalo.

Nilifika nyumbani, Mektilda amekwenda jumuiya. Nikaburuta begi, nikalitoa blanketi. Lilikuwa bado liko kwenye sindano, zile spoki zangu. Nikazichomoa. Nazikumbuka zile tundu ndogo za uzi zilivyobaki wazi pembeni, zimejipanga. Nikazichomeka spoki kwenye mto mkuukuu uliokuwa hukohuko chini ya kitanda, nikalikunja blanketi kwapani, nikaondoka. Rohoni nilikuwa mweupe kabisa. Nilisema mwanamke ana kazi kumi na moja ambazo hazijaisha, hataitafuta hii, na akiitafuta nitamnunulia blanketi la dukani, zito, lililokwisha tayari.

Lilifanya kazi vizuri, hilo lazima niseme. Maduhu alilitandika, maji yakapita, na tulipolisuuza kwenye karai tukaona rangi ya dhahabu. Maduhu ni Msukuma asiyesifu ovyo, lakini siku ile alisema, "Wabeja, mayo," akimshukuru mke wangu kana kwamba yuko pale. Tulilitumia siku tatu. Siku ya nne, asubuhi, likawa limekwisha na linavuta matope, na kitambaa kikifika hapo hakitupwi, kinachomwa, kwa sababu dhahabu nyingine inang'ang'ania ndani ya nyuzi. Tukalichoma kwenye karai. Uzi ule haukuungua vizuri, uliyeyuka ukawa donge. Harufu yake ilikuwa mbaya. Mimi ndiye niliyewasha kiberiti.

Mchana nikarudi nyumbani na nyama na kitenge. Jamani, nilikuwa na furaha. Nikaviweka mezani, nikamwita. Alikuja anafuta mikono, akakishika kitenge, akakisifu. Nikamwambia, "Jishukuru mwenyewe. Kazi yako ndiyo iliyotulisha. Lile blanketi lako lisilokwisha nimelipeleka mwaloni, limenasa kuliko kitambaa chochote cha machimbo haya."

Akauliza, "Lipi?"

"Lile la mistari."

Aliweka kitenge mezani. Akakaa.

"Liko wapi sasa?"

"Tumelichoma asubuhi. Ndivyo inavyofanywa."

Akaiangalia ile nyama. Mimi bado nilikuwa natabasamu, Mungu anisamehe, nilikuwa nangoja anigombeze kidogo tule.

"Ule uzi wa kijani," alisema, "ulikuwa sweta la Noela."

Nikasema sweta la Noela liligawiwa.

"Halikugawiwa. Nililikalia siku ile, pale mkekani. Baadaye nikalifumua. Uzi wake ulikuwa madonge mawili na kidogo. Nikifuma mpaka donge la mwisho likabaki dogo, nafumua, naanza upya. Sikutaka ufike mwisho, Baba Noela. Nilikuwa napenda tu kuushika."

Hakulia. Aliinuka akaenda kukata nyama.

Nilitoka mbio. Sina umri wa kukimbia lakini nilikimbia mpaka mwaloni. Maduhu alikuwa ameshasaga lile donge na kulisuuza, karai ni safi. Nikamuuliza mabaki yako wapi, akanionyesha lundo la marudio, ule udongo uliokwisha kusafishwa. Nikapiga magoti nikaanza kuchambua kwa vidole. Nilitafuta kitu chochote cha kijani. Wachimbaji wa karibu wakasogea, wakauliza nimeangusha dhahabu nini. Nikawaambia ndiyo. Wakanisaidia kutafuta, maskini, karibu saa nzima, na hatukupata kitu.

Wiki iliyofuata nikapanda basi kwenda Kahama. Nilikuwa na sweta la shule la mtoto wa jirani ndani ya mfuko, ili nipate kijani chenyewe. Nikazunguka madukani nalilinganisha na kila uzi, wauzaji wananicheka, mzee mzima ananunua uzi wa kufumia. Nikapata kinachokaribia. Nikanunua madonge manane. Kwa mtoto wetu Loveness, aliyeolewa hukohuko Kahama, nikapita kula chakula. Aliniamkia, nikaitikia, nikamweleza yote maana nilikuwa siwezi kukaa nayo.

Aliinama. Alikuwa na mimba ya miezi mitano, akawa anajishika tumbo.

"Hata wa kwangu ulikuwamo, baba," alisema. "Ule wa bluu. Ni sweta langu la chekechea. Na wa kahawia ni wa kwako, lile sweta ulilovaa siku ya harusi ya kanisani. Mama alinionyesha."

"Alikuonyesha lini?"

"Zamani. Nilimuuliza anafuma nini."

Chakula kilinishinda. Nilirudi na basi la saa nane, yale madonge manane nimeyapakata.

Mektilda aliyapokea kwa mikono miwili. "Asante, Baba Noela," alisema, akayaweka kabatini yakiwa kwenye nailoni yake. Yako humo mpaka leo. Hakunisema hata mara moja, wala hakuninyima chakula, wala hakuwaeleza wanawake wa jumuiya. Ningependa angenisema. Ningejua pa kushika.

Badala yake akaanza kumaliza. Soksi ya kushoto ikapata ya kulia. Vitambaa vya kochi vikatimia sita kwa wiki mbili. Kofia akaimaliza, akampa mtoto wa jirani ambaye kichwa chake kinaingia. Shali ya paroko ikaisha, ikatumwa parokia aliko sasa, na padri akapiga simu kushukuru. Begi la mistari likabaki tupu, akalikunja akaliweka juu ya kabati. Akianza kitu sasa anakifuma mfululizo mpaka mwisho, anakata uzi, anaweka pembeni, anachukua kingine. Na hatumii spoki. Ananunua sindano za dukani. Spoki nilizikuta palepale kwenye mto nilipozichomeka, nikazitia kwenye boksi la vyeti vyetu.

Watu wanamsifu. Wanapita kwangu wananiambia, "Baba Noela, umeoa fundi, na wewe ulikuwa unamsema." Najibu ndiyo, nilikuwa namsema.

Juzi nilimkuta uani, amegeuza kiti juu chini, anavisha uzi mweupe kwenye miguu yake. Nikavuta kigoda nikakaa mbele yake. Nikanyoosha mikono yote miwili.

"Lete nikushikie," nikamwambia.

Aliniangalia mikono, jinsi ilivyopasuka.

"Kiti kinatosha," alisema. Hakusema kwa ubaya.

Nikabaki nimekaa. Donge likawa linakua mkononi mwake. Nilikuwa na swali moja, nalo limenikaa kifuani tangu siku ile ya nyama na kitenge, nikaona nisipolisema sasa sitalisema.

"Unafuma nini, Mama Noela?"

"Sweta la mtoto wa Loveness."

"Litachukua muda?"

"Hapana," alisema. "Ijumaa litaisha."

Ijumaa likaisha.