Nilikunywa Supu ya Mbuzi wa Pole, Sasa Naambiwa Mimi Ni Mke wa Mtu

Mhariri, nifichie jina, maana huku kwetu Kalama tunajuana wote. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita. Natembea kwa magongo, na wananioza kwa mwanamume aliyenivunja mguu.

Nilikuwa nafagia uwanja wa malori katika kiwanda kimoja upande wa Lukenya. Kupita nyuma ya lori linalonguruma ilikuwa kawaida yetu. Unapiga bodi kwa kiganja, dereva anajua kuna mtu, anangoja. Lakini wapakiaji nao walikuwa wakipiga bodi hiyo hiyo kumwambia arudi nyuma. Siku hiyo nilipiga, naye akarudi. Lori likanibana ukutani, na mguu wa kushoto haukunjiki tena.

Dereva nitamwita Mutua, ingawa si jina lake. Sijamchukia hata siku moja. Alikuja kuniona hospitalini mpaka wauguzi wakamzoea. Niliporudi nyumbani, wazee wao walileta mbuzi watatu wakasema wamekuja kutupa pole. Beberu akachinjwa. Nililetewa supu kitandani nikanywa yote, nikimshukuru Mungu kwa watu wenye utu.

Sasa baba anasema wale mbuzi walikuwa wa ntheo, yaani wa kuposa, na kwetu Wakamba ntheo ikishaliwa, binti ameshaolewa.

"Na wewe mwenyewe ulikula," ananiambia.

Mama ndiye ananimaliza kabisa. "Mwiitu wakwa, binti yangu, na hiyo mguu, nani mwingine atakuja?"

Jamani, inauma. Nikisikia lori likirudi nyuma naziba masikio, na kwa Mutua lori linalala mlangoni.

Jumapili baada ya kanisa nilimwita kando. "Ulijua ni ntheo?"

"Hata mimi niliambiwa tunapeleka pole," akasema, macho yakiwa kwenye magongo yangu. "Lakini nikikataa saa hii, watu watasema nimekuvunja mara ya pili. Kataa wewe."

"Nikikataa, baba ataniweka wapi?"

Alinishikia mkoba wangu mpaka barabarani, kwa upole ule ule wake, na watu waliotuona wakatabasamu.

Ninyi mnaosoma, niambieni, nifanye nini? Wazee wao wanarudi Jumamosi, na mama ameshaanza kupaka nyumba chokaa.