Glasi ya Maji kwa Ngendo

Ngendo wa Kiganjo hajawahi kuwa mtu wa kunyamaza. Ndiye aliyezunguka kwa wakulima wa nyanya akiwaambia wamechoka kufundishwa na watu wenye viatu safi, afadhali wafundishane wenyewe: kila mwezi shamba moja, wote waingie, waangalie, waulize. Walimcheka. Chama bila pesa, chama gani? Lakini walikuja, hata Apiyo anayelima ploti ya kukodi huko Ruiru, na hata mzee Wanyoike, ambaye anaweza kubishana na mvua. Siku ya kwanza Ngendo aligawa miche kutoka kitaluni kwake, na kila mtu alibeba.

Leo ilikuwa zamu ya shamba lake, na asubuhi alikuta nyanya zimelala. Majani yalikuwa mabichi kabisa na udongo ulikuwa na maji, lakini mimea ilikuwa imeinama kama watu waliofiwa. Alikata shina moja, akalining'iniza kwenye glasi ya maji kama alivyoonyeshwa zamani na muuzaji wa agroveti, duka la mbegu na dawa za kilimo. Alisubiri huku akimwomba Mungu iwe ni yeye tu aliyekosea. Uzi mweupe kama maziwa ukaanza kushuka ndani ya glasi. Ulikuwa mnyauko wa bakteria, na mnyauko huo hauna dawa.

Angeweza kung'oa ile mimea haraka na kusema ni fuko aliyekula mizizi. Nani angejua? Lakini miche yote ilitoka kitalu kimoja. Akinyamaza, majirani wangeendelea kusambaza ugonjwa kwa majembe yao wenyewe, mpaka hakuna shamba litakalobaki. Akisema, chama kimekufa leo, na jina lake pamoja nacho. Aliogopa, na aliona aibu kwamba anaogopa.

Wanachama walipofika, chai ilimwagika kila alipojaribu kumimina.

"Mama Beth, mbona unatetemeka hivyo?" Apiyo alimuuliza Ngendo. "Uko na malaria?"

"Sina." Aliileta glasi, akaiweka mezani kando ya sufuria ya ngwaci, viazi vitamu vya wageni. "Angalieni hii. Ni nyanya yangu. Iko na mnyauko. Na ile miche niliwapatia, ilitoka hapo hapo."

Wanyoike akainuka, na Ngendo akajua mambo yamekwisha: mzee akishatoka, wengine watamfuata, na jioni Kiganjo yote itakuwa na habari.

"Guka, nisamehe," Ngendo alimwambia babu huyo.

Wanyoike hakutoka. Aliingiza mkono kwenye koti, akatoa kitu kilichofungwa kwa gazeti, akakifungua polepole. Lilikuwa shina la nyanya, limenyauka.

"Tangu juzi natembea na hii," alisema bila kumtazama mtu. "Nilifikiria nikiuliza, mtasema Wanyoike hajui kulima. Lete glasi ingine."

"Lete mbili," alisema Apiyo, akifungua mkoba wake.