Fisi Aliyesimuliwa Mchana

Bibi yake Germana alimkanya tangu utotoni: anayesimulia hadithi za fisi jua likiwaka ataota mkia. Germana ni mke wa jirani yangu Marseli, huku juu Karatu, shamba la mwisho kabla ya msitu wa Ngorongoro. Yeye husimulia mchana kweupe, akipepeta maharage, akichochea makande, hata kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Kinga yake ni jani la nyasi analochomeka kwenye kitambaa cha kichwa. Mkia bado hatujauona, ingawa mimi huwa nachungulia.

Mwaka huu hamu ya kusimulia ilimwisha. Tembo walitoka msituni wakala mahindi yote ya Marseli, usiku ambao mdogo wake, Yohana, alikuwa zamu ya kulinda. Yohana alisinzia kibandani, filimbi mdomoni. Marseli akaapa hatasema naye tena. Asichokitaja, na kijiji kizima tunakijua, ni kwamba usiku uleule alitakiwa kwenda kumpokea Yohana zamu, naye akanogewa na mpira kwenye televisheni ya kilabuni.

Basi wakanuniana. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Nilichukua langu, nikalima. Shida ni kwamba wao hawakuweza kulima: kila mmoja ana maksai mmoja, na plau huvutwa na wawili. Mvua za kwanza zikanyesha, ardhi ikalainika, na kila maksai akabaki zizini kwake akicheua. Nilikasirika hadi nikatamani kuwafunga nira wenyewe. Germana yeye aliogopa. Mvua zikipita bila mbegu ardhini, nyumba mbili zenye watoto zingelala njaa.

Jumapili baada ya misa, ndugu wale huenda kumsalimu mama yao, Bi Lusia. Walikaa uani wamepeana migongo, sisi wengine tukimpukuchulia mama mahindi yake ya mbegu. Germana akachuma jani, akalichomeka.

"Palikuwa na fisi," alianza, "alipewa shamba alinde. Akalala, akakoroma mpaka tembo wakadhani ni mwenzao anawaita."

Marseli alicheka hadi akaegemea ukuta. Yohana aliinama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa kandambili.

"Siku nyingine fisi huyohuyo alitakiwa ampokee mwenzake zamu. Akapita kilabuni kuchungulia mpira mara moja tu. Hiyo mara moja ikafika hadi penalti."

Sasa aliyecheka ni Yohana, machozi yakamtoka. Marseli akashikwa na kikohozi.

Germana akaishia hapo, akaendelea kupukuchua.

"Halafu ikawaje, shemeji?" Yohana aliuliza.

"Mchana siruhusiwi kumaliza, shemeji. Nikimaliza tu, mkia huo."

"Mimi nataka kujua kitu kimoja," alisema Bi Lusia. "Huyo fisi watoto wake walikula nini mwaka ule?"

Marseli aliokota punje iliyoanguka, akaigeuzageuza kiganjani.

"Aliona aibu," alisema mwishowe, bila kumtazama mtu. "Alitaka kwenda kwa ndugu yake, akakosa pa kuanzia."

"Si angeanza na maksai," Yohana alisema taratibu. "Mimi ningempeleka wangu asubuhi."

"Haya, mbona mwisho mnaujua kunishinda?" Germana alisema, akageukia ukutani. Nilimwona akijifuta macho kwa khanga.

Kesho yake nilipotoka nje walikuwa wameshafika katikati ya shamba. Yohana alikuwa mbele akiongoza, Marseli nyuma ameshika plau. Mara maksai wa Yohana akasimama, akapiga magoti, akajilaza kwenye mfereji.

"Inuka, fisi wewe!" Marseli alifoka.

Yohana akageuka, wakatazamana. Kisha wakacheka wote wawili, na safari hii walicheka mahali pamoja.