Pasi ya Dada na Safari ya Songea

Aliyenituma Songea ni dada yangu Zainabu, na siku ninaondoka alikuwa na siku kumi na mbili kaburini. Fomu aliijaza kwa mkono wake akiwa hai, kwa sababu mwandiko wangu, alikuwa akisema, hausomeki hata na mimi mwenyewe. Alikuwa amesikia ofisi ya kata kwamba mafundi tuliojifunzia mtaani tunaweza kwenda chuo cha ufundi Songea, tukapimwa, tukafundishwa kinachopungua, kisha tukapewa cheti cha kutengeneza vifaa vya umeme vya watu bila kujificha. Mimi nilicheka. Nimefungua redio na pasi za kijiji chetu cha Namasakata tangu umeme ulipofika, na kabla ya hapo redio za betri. Nani wa kunipima? Dada akasema, "Alumbu, nenda tu. Siku wakija kuwafungia wenzako, wewe uwe na karatasi." Alumbu ndivyo Wayao tunavyoitana mtu na dada yake.

Alifariki asubuhi, akipiga pasi sare za watoto. Alikuwa amemaliza kudeki chumba. Binti yake mkubwa, Mwanaidi, alimkuta amelala sakafuni, pasi pembeni, plagi imechomoka ukutani. Zahanati waliwahi kumwambia ana presha, basi sote tukasema ni presha, tukamzika kabla ya alasiri.

Kwetu kaka ndiye msimamizi wa dada zake. Wao ni mbumba yake, watu walio chini ya mkono wake, na mwanamume anayemwoa mmoja wao anakabidhiwa amana. Siku ya tatu, baada ya dua, nilisimama mbele ya watu wote nikamuuliza mumewe, shemeji yangu Athumani, kwa nini mtu mwenye presha hakupelekwa hospitali kubwa Tunduru. Niliuliza kwa sauti. Athumani aliinama akasema, "Nimekosa." Kuanzia hapo wazee wa ukoo wakawa wananong'ona kwamba arobaini ikiisha arudi kwao Nakapanya, na watoto wabaki kwetu. Mimi sikukataa. Nilikuwa na uchungu, na uchungu ulitaka mtu wa kumshika.

Chuo kilitaka barua mbili za wateja wanaoifahamu kazi ya fundi. Ya kwanza niliipata kwa mwenye mashine ya kusaga. Ya pili aliniletea Athumani mwenyewe, sikumwomba. Alisema marehemu alimwagiza aiandike tangu fomu ilipojazwa, na wasia wa mtu hauachwi. Iliandikwa kwamba fundi huyu ametutengenezea redio, feni na pasi, na hatujapata tatizo lolote. Niliikunja nikaitia kwenye bahasha. Moyoni niliona kwamba ananiogopa ndiyo maana anajipendekeza.

Alfajiri nilipanda bodaboda hadi mji wa Tunduru, begi la vifaa mgongoni. Njiani mikorosho ilikuwa na umande, na dereva akaniuliza nani mgonjwa, kwa kuwa watu wa kwetu wakienda Songea na begi mara nyingi wanakwenda hospitali. Nikamwambia nakwenda kufanya mtihani. Alicheka mpaka pikipiki ikayumba.

Kwenye basi redio ya dereva ilikuwa inakoroma. Kabla ya kufika Namtumbo nilishindwa kuvumilia, nikaenda mbele nikaubana waya uliolegea nyuma yake, na muziki ukatoka safi. Abiria wakaniita fundi. Nilirudi kwenye kiti changu nimejaa majivuno, nikatazama nje miti ya miombo inavyopita, na nilipogeuka nimsimulie mtu nikakumbuka kwamba niliyezoea kumsimulia hayupo. Nililia hapo hapo, nimeufunika uso kwa kofia. Mama aliyekaa jirani yangu alinipa chungwa.

Songea niliingia mchana. Nilipita mtaa wa Majengo kununua daftari na kalamu, na miguu ikanipeleka yenyewe kwenye vibanda vya mafundi wenzangu. Pasi zilikuwa zimerundikwa, matumbo wazi. Niliangalia nyaya walizokuwa wakifunga, nikaona wanafunga kama mimi: waya mwembamba wenye nyuzi mbili ndani. Nikafurahi kuona kwamba watu wa mjini hawanizidi.

Jioni nilifika Matogoro, chini ya vile vilima vyenye msitu, nyumbani kwa Mama Ngonyani. Huyu ni mkunga mstaafu aliyefanya kazi Tunduru miaka mingi, na ndiye aliyempokea Mwanaidi siku alipozaliwa. Yeye na dada walikuwa wakipigiana simu, na ndiko dada alikopanga nifikie. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akaangalia nyuma yangu kama aliyekuwa akimtarajia mtu mwingine. Akauliza, "Zainabu mbona simu yake haipatikani?" Nilimwambia nikiwa bado nimesimama mlangoni. Alikaa kwenye ngazi. Baadaye, ugali na dagaa wa Nyasa vikiwa mezani na hakuna aliyevigusa, aliniuliza kama presha ya dada ilikuwa ya juu sana. Nikasema sijui, alipimwa mara moja tu. Mama Ngonyani akatikisa kichwa taratibu. Alisema kupimwa mara moja hakutoshi kusema mtu ana presha.

Siku tatu za kwanza chuoni nilikuwa jogoo. Tulikuwa watu wazima kumi na wanne, kila mmoja na begi lake la bisibisi. Walitupa feni iliyokufa, jagi la kuchemshia maji lililoungua, redio iliyonyamaza, na kote huko nilimaliza wa kwanza. Mwalimu wetu, mama mmoja mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinisifu mikono. Niliona cheti hiki hapa.

Siku ya nne, asubuhi, mwalimu aliweka pasi mezani akatuuliza swali. Mteja anakuja, anasema pasi yake inamtekenya mkono akiishika. Tunamwambia nini?

Darasa zima tulijibu kwa pamoja: "Avae ndala."

Tulicheka. Ndivyo tunavyowaambia watu wote, kuanzia Tunduru mpaka Mbinga. Mwalimu hakucheka. Alisubiri tumalize, kisha akaifungua ile pasi na kuanza kueleza polepole. Waya wa pasi una nyuzi tatu. Mbili zinabeba umeme. Ya tatu, ya kijani yenye mstari wa njano, haibebi kitu, inasubiri. Imefungwa kwenye bati la pasi, inapita kwenye soketi na kwenda mpaka kwenye chuma kilichochimbiwa ardhini. Siku umeme ukivuja ukashika bati, waya huo unaupeleka ardhini na swichi ya nyumba inakata. Ukiutoa, umeme unabaki kwenye bati ukingoja njia nyingine ya kwenda ardhini. "Na njia hiyo," akasema, "ni yule aliyeishika. Akiwa na ndala atatekenywa. Akiwa peku kwenye sakafu yenye maji, atakufa."

Mimi waya wa kijani nilifundishwa kwamba ni wa urembo. Aliyenifundisha kazi alikuwa akiukata, nami nikawa naukata. Vipande vyake nimefungia mlango wa banda la kuku. Pasi ya dada ilipoungua waya, nilimwekea waya wa nyuzi mbili kwa sababu ndio uliokuwepo dukani, na nilimwambia kazi ni ile ile. Ukutani kwake soketi ilikuwa na matundu yote matatu, na chuma kilichimbiwa nyuma ya nyumba tangu mafundi wa serikali walipounganisha umeme. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa pale nilipopita mimi. Na wiki moja kabla hajafa alikuja kibandani kwangu na kikapu kichwani, akaniambia, "Alumbu, pasi yako inanitekenya." Sikuinua hata kichwa. Nilimwambia avae ndala.

Nilitoka nje. Nilisimama kando ya bomba la maji, nikatoa simu. Jambo la kwanza halikuwa hata toba, lilikuwa hofu: ile pasi bado imo ndani ya nyumba ile. Nilimpigia Athumani. Nikamuuliza nani anapiga pasi siku hizi. Akasema Mwanaidi, na kwamba mtoto analalamika inamtekenya. Nilipiga kelele kwamba asiishike tena, wachomoe, waifungie kabatini.  Akauliza, "Kuna nini, shemeji?" Nikasema nitamweleza nikirudi. Akasema sawa, na simu ikakatika.

Mchana mwalimu alinikuta pale pale bombani. Nilimweleza yote, nikamwomba aitoe barua ya Athumani kwenye faili langu, maana imeandikwa kwamba hatujapata tatizo lolote. Nilimwambia pia kwamba bila barua hiyo sifai kupewa cheti, na kwamba ni sawa. Alivua miwani akaifuta kwa upindo wa kitenge.

"Kila kundi linaloletwa hapa," alisema, "tukifika kwenye waya huo, kuna mmoja anatoka nje. Wengine hawarudi darasani. Wanarudi kwenye vibanda vyao na kuendelea kuukata. Wewe utarudi?"

 Kengele ilipolia nilirudi nikakaa. Barua alinipa jioni, na nafasi yake akaniruhusu niweke barua ya mtendaji wa kijiji, iliyotumwa kwa simu.

Usiku ule sikumficha Mama Ngonyani. Aliweka rozari yake mezani, akanisikiliza mpaka mwisho bila kusema pole, na nilishukuru hakusema. Nilimuuliza kama ni lazima. Mtu amekwisha kuzikwa, presha imekwisha kukubaliwa, nani atafaidika?  Akasema, "Sisi tuna padri wa kwenda kwake. Wewe nenda kwa shemeji yako."

Nilimaliza wiki mbili, nikafaulu. Tulipewa karatasi za matokeo, cheti chenyewe kingefuata. Wenzangu walipiga picha mbele ya lango. Mimi nilinunua roli la waya wa nyuzi tatu, mrefu kadiri nilivyoweza kubeba, nikaenda kukata tiketi.

Njia ya kurudi ni ile ile, ila niliiona ndefu. Tunduru niliingia alasiri, na Namasakata jua likiwa linainama juu ya mikorosho. Sikupita kwangu kwanza. Athumani alikuwa ameketi kibarazani, na alipoona begi alinyanyuka kunipokea kama ilivyo desturi. Nilimwomba ailete pasi. Niliifungua mbele yake kwa bisibisi ile ile niliyoifungia, nikamwonyesha skrubu ya waya wa tatu. Ilikuwa haijashika kitu, inang'aa kama ilivyotoka kiwandani. Nikamweleza. Nilimweleza na habari ya ndala.

Aliweka kidole juu ya ile skrubu. "Hapa tu?" akauliza.

"Hapa tu."

Aliendelea kuigusa. Ndani tulimsikia Mwanaidi akiosha vyombo. Nilimwomba anisamehe, nikamrudishia barua yake. Aliipokea, akaikunja mara nyingi mpaka ikawa kitu kidogo sana, akaitia mfukoni mwa kanzu. Kisha akasema bila kunitazama, "Uliniuliza mbele ya watu."

Siku ya arobaini ilifika karibu wiki mbili baadaye. Khitma ilisomwa, na baada ya dua mjomba wetu mkubwa alikohoa akitaka kuanza habari ya Athumani kurudi Nakapanya. Nilisimama kabla yake. Nilikuwa na pasi mkononi, na sauti yangu haikuwa ile ya siku ya tatu. Nilisema Zainabu hakufa kwa presha. Nilisema aliuawa na kazi ya mikono yangu, na kwamba mwanamume niliyemwinamisha hapa hana kosa, mwenye kosa ni mwenye mbumba. Shangazi alianza kulia. Wengine walisema ni kudra ya Mungu, nikawaomba wasiniambie hivyo, si siku hiyo. Mjomba alikaa chini. Habari ya Nakapanya haikutajwa tena, na Athumani yuko kwake na watoto wake hadi leo.

Kabla pilau haijapakuliwa, mwanamke mmoja aliondoka akarudi na pasi yake amefunga kwa kanga, akaiweka mkekani mbele yangu. Akafuata mwingine.  Wiki nzima nilikuwa nafungua na kufunga nyaya za nyuzi tatu, na mahali ambapo soketi haina ethi, yaani huo waya wa kwenda ardhini, nilikataa kuiwasha pasi mpaka chuma kichimbiwe.

Cheti kimekuja. Kina jina langu na mhuri, na kinasema ninafaa kutengeneza vifaa vya umeme vya watu. Nilikwenda Songea nikidhani natafuta karatasi ya kuwaonyesha wengine kwamba ninajua. Nilichojifunza ni kile nilichokuwa sikijui siku dada aliposimama kibandani na kikapu chake, na nimekijua kwa kuchelewa wiki chache tu.

Pasi ya Zainabu niliitengeneza upya, nikaipima mara tatu, nikampelekea Mwanaidi. Aliipokea kwa mikono miwili na kuniamkia. Akasema, "Asante, mjomba," akaiweka juu ya kabati. Sikumlazimisha. Kila asubuhi ya shule nikipita nyuma ya nyumba ile naona moshi mdogo kibarazani. Ni Mwanaidi, amevaa ndala, anapepea pasi ya mkaa.