Kura ya Tumbo

Nikipita dukani nikanusa gunia jipya la mahindi, miguu yangu hutaka kukimbia.

Kiangazi hicho, kwetu Endarasha, mbuzi walikuwa wanakula katoni. Jirani yetu akaja mbio akipiga kelele: "Kuna kura kanisani! Kura ya bure!"

Nyanya yangu, Cucu, hakuinua hata kichwa. "Kura tuliwapa, na hatujawaona tena. Waambie walete maji kwanza."

Jirani akashika tumbo kwa mikono miwili. "Cucu, si ile ya kuweka kwa sanduku. Ni ile ya kuweka hapa! Na maji wameleta!"

Kumbe ni kula! Kwetu 'l' hugeuka 'r' mdomoni. Sikuwa nimewahi kumwona Cucu akikimbia, lakini siku hiyo alinipita kwenye kona, sufuria kichwani kama kofia, akiita kila nyumba: "Kura! Tokeni! Kura!"

Watu walitoka milangoni wakamwangalia tu, mikono kiunoni.

Nikamvuta leso, nikilia kwamba chakula kitaisha. Akakataa kuwaacha watu nyuma. Alisimama mlango baada ya mlango akijipiga tumbo, pa! pa! pa!, na tulipofika kanisani, kwenye magunia mapya ya mahindi, barabara nzima nyuma yetu ilikuwa inajipiga tumbo.