Vipara Viwili vya Kupimwa Zebaki

Nilimnyoa mwanangu kipara ili hospitali isipate nywele zake. Nikajinyoa na mimi, nikazikusanya nywele zote nikazitia kwenye jiko la mkaa, nikasimama pale mpaka harufu ikaisha. Kucha pia nilikata, zake na zangu. Siku ile nilijiona mjanja kuliko watu wote wa Runzewe.

Mtoto ana miaka minne, na mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka. Kijiko kinafika mdomoni kitupu, uji uko kifuani. Kwenye zahanati muuguzi aliniuliza kazi yangu, nikamwambia nachoma dhahabu. Duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu, sijawahi kushuka. Mimi ni mtu wa nyumbani, safari yangu ndefu ni kutoka kitandani kwenda jikoni. Wachimbaji wananiletea donge lao lililoshikana na zebaki, naliweka motoni, zebaki inaondoka na moshi, dhahabu inabaki, na mimi napata changu bila kuvaa viatu. Muuguzi akanitazama weee, halafu akaniandikia rufaa ya hospitali kubwa.

"Huko kuna watafiti wanapima zebaki kwa familia kama yenu," akasema. "Ni bure. Watachukua mkojo na nywele kidogo."

Hilo bure, na hizo nywele, vilininyima usingizi. Huku kwetu nani hajui nywele za mtu zinaishia wapi? Duara likigoma kutoa, wenye duara wanakwenda kwa mganga, na sijasikia mganga aliyeagiza soksi. Mke wangu yuko Isaka, anawapikia madereva wa malori. Ningemwambia nini? Kwamba nimeipeleka nyota ya mwanawe mjini, tena kwa nauli yangu?

Ndiyo nikashika wembe.

Kule hospitali kubwa mtafiti alikuwa dada mdogo mwenye mkasi na bahasha. Akakitazama kichwa changu, akakitazama cha mtoto, akarudi kwenye changu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Poleni. Mmefiwa?"

"Hapana. Chawa."

"Wote wawili?"

"Tunalala kitanda kimoja."

Watu tuliokaa nao benchi moja wakasogea, tukapata nafasi ya kutosha.

Akanieleza kwamba utafiti ni hiari, na hata nikikataa mtoto atatibiwa vilevile. Hapo ndipo nilipozidi kuogopa. Mtu anataka kitu chako, halafu anakwambia ukininyima sawa tu! Huyo si ana njia nyingine? Mkojo nilikubali, maana sikujua namna ya kuunyoa. Lakini kichupa nilikifuata kwa macho, kisha kwa miguu, mpaka dirisha la maabara. Nikasimama pale kama mlinzi. Kijana wa ndani akachungulia.

"Mzee, nenda kakae. Hatuuzi."

Niliporudi, yule dada akauliza, "Dhahabu unachomea wapi?"

"Nje," nikasema. "Nje kabisa."

"Jikoni," akasema mtoto, na kifua mbele. "Na mimi napepea!"

Dada hakucheka. Aliuliza tena, taratibu, akimwuliza mtoto, si mimi. Akaonyeshwa kwa mikono namna ya kupepea. Mikono ilikuwa inatetemeka.

Baada ya wiki kadhaa wakatupigia simu turudi. Daktari akaniambia zebaki imeonekana kwenye mkojo wa mtoto, tena si kidogo. Nywele zingesaidia kujua miezi ya nyuma ilikuwaje.

"Ila hizo, naambiwa, mlizimaliza kwa ajili ya chawa," akasema.

Nikaangalia dari.

"Tutamfuatilia, na dawa ikihitajika atapata. Lakini jiko litoke hapo nyumbani kwanza. Nikimtibu halafu akarudi kwenye ule moshi, tutakuwa tunacheza. Akili yake bado inakua, baba. Usipoteze muda."

Nilisema ndiyo. Kwenye basi nikaanza kufikiri, na mimi kufikiri hakujawahi kunisaidia. Kwa nini wahangaike hivyo na jiko langu? Wachomaji si wako wengi? Nikaona kuna mtu nyuma yao, mnunuzi mkubwa labda, anataka nifunge ili wateja wangu wahamie kwake. Kufika Runzewe nilikuwa nimeshampa huyo mnunuzi gari na kitambi.

Nyumbani mchimbaji mmoja alikuwa ananisubiri mlangoni na donge lake kwenye kitambaa. Nikamwambia aingie, hii ya mwisho. Jirani yangu, mama mjane ambaye ukuta wake umeegemea wangu, alikuwa amempokea mtoto, anamlisha uji hapohapo jikoni kwa mkono wake. Nikamsimulia yote huku nikipanga mkaa: daktari, mkojo, mnunuzi mwenye kitambi. Alisikiliza mpaka nilipowasha kiberiti. Akamfunga mtoto mgongoni, akasimama.

"Bhebhe, wewe baba, umemnyoa mtoto kwa kuogopa wachawi, na moshi unampulizia mwenyewe. Leo analala kwangu, na hilo jiko likiendelea kuwaka humu, usije kumchukua."