Mama Mkwe Kwenye Treni ya Kisumu

Mama mkwe wangu alikuwa ametoka kupasuliwa jicho Nairobi, na daktari alimkataza mambo mawili: kuinama na kutapika. Yeye akipanda basi hutapika hata kabla halijatoka mjini. Mke wangu alikuwa na mtoto mchanga, kwa hivyo nikaambiwa nimpeleke mama Kisumu kwa treni. Nilikubali upesi, maana nakiri napenda stesheni kuliko safari zenyewe.

Ijumaa jioni, stesheni kuu ya Nairobi. Hii ni ile ya zamani, ya katikati ya mji, si ile mpya ya nje wanakopandia watu wa Mombasa. Nilichungulia mapaa ya mabati na nguzo za chuma, nikauliza maswali mpaka mlinzi akataka kujua kama nimekuja kuinunua. Ndipo tukapanda, nikasoma namba za viti, na maji yakanifika shingoni. Viti vya treni ile hutazamana. Mimi na mama mkwe tulikuwa tumekatiwa uso kwa uso, magoti kwa magoti, mpaka asubuhi.

Asiyejua mambo ya kwetu atacheka. Mjaluo halali nyumba moja na mama wa mkewe, hali naye meza moja, wala hamshiki mkono. Nina miaka saba tangu nioe, na maneno yetu hupitia kwa mtu wa tatu. Mama alisimama pale kati ya viti, akakataa katakata kukaa. Nami niliogopa treni isije ikaondoka akaanguka na hilo jicho.

Nikamnong'oneza mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, kwamba huyu ni mama mkwe wangu. Lo! Kumbe nusu ya behewa walikuwa watu wa ziwani. Waliinuka bila kuulizana, mizigo ikahamishwa, na kabla kondakta hajafika nilikuwa nimekaa nyuma ya kiti cha mama, tumepeana migongo. Mimi niliangalia saa na kutunza dawa ya matone, muuza omena akamtilia. Alinirudishia habari kwamba mama anashukuru, na kwamba mama anauliza kwa nini ninakoroma.

Muhoroni, asubuhi. Miwa pande zote. Muuza omena alishuka hapo akicheka, nami sikufikiria nani atamshika mama mkono Kisumu.

Kisumu. Hapa reli inaishia, mbele ni bandari na ziwa. Abiria walimiminika, nikashusha mizigo, nikageuka. Mama alikuwa ameganda mlangoni pa behewa. Jicho moja lilikuwa limefungwa, na kwa lile lililobaki hakuweza kupima urefu wa ngazi. Kutazama chini ni kuinama. Nilinyoosha mkono nusu, nikaurudisha. Niliona aibu, na hofu ilizidi aibu. Nikatafuta mwanamke wa kumsaidia, lakini wote walikuwa wamekwisha kufika getini.

Ndipo akafungua leso kiunoni, akanirushia ncha moja.

"Shika hiyo, Baba Achieng. Usivute. Niambie tu vidato ni vingapi."

"Vitatu, Mama."

Akashuka akivihesabu kwa mguu, kidevu juu, leso ikiwa imekazwa kati yetu. Alipokanyaga chini akaichukua, akajifunga, akauliza magari ya kwenda kwake Katito yako wapi.

Jumapili jioni nilirudi kwa treni ile ile. Mbele yangu alikaa mtu nisiyemjua, magoti kwa magoti, na wala hatukusalimiana. Nilikuwa nimetoka nyumbani nikidhani nitajifunza habari za stesheni. Nilichojifunza ni kwamba heshima haikunikataza kumsaidia mama yule, ilitaka tu njia itafutwe, na aliyeiona njia ni yeye.

Jumatatu asubuhi nilimkuta mke wangu yuko kwenye simu na mamake, anacheka hadi machozi.

"Mwezi ujao anakuja kliniki," akaniambia. "Anasema ni wewe utamchukua, kwa treni. Lakini uje na leso ndefu. Ile yake ilikuleta karibu sana."